Vijidudu Vimekufa, Mbona Pumzi Haijarudi?

“Daktari, dawa za TB nimemeza miezi sita, makohozi yakapimwa yakaonekana safi. Mbona nikipanda ngazi nahema?”

Wagonjwa wa mitaa ya Kawangware na Kangemi, hapa Nairobi, huniuliza hivyo mara kwa mara. Kwa ajili ya swali hilo, nilipohitimu shahada ya uzamivu nilibaki maabara nikitafiti jinsi kinga ya mwili inavyoyatendea mapafu.

Bakteria wa TB, aliyetambuliwa na Robert Koch mwaka 1882, hayali mapafu peke yake. Uharibifu mwingi hufanywa na kinga yetu wenyewe. Akifika kwenye vifuko vya hewa, humezwa na seli ziitwazo makrofaji. Zikishindwa kumuua, hutoa kemikali za kuita seli nyingine, na sehemu ile huvimba. Hiyo ndiyo inflamesheni. Seli zinazoitikia mwito humwaga vimeng’enya vinavyokata kolajeni, nyuzi zinazolishikilia pafu. Ni kama majirani waliokuja kumtoa mwizi, wakaibomoa nyumba. Pengine hubaki shimo, pengine kovu gumu lisilotanuka. Dawa huua bakteria, lakini kovu haziliondoi.

Basi kwa nini tusiizime kinga? Mwaka 2001 madaktari waliripoti kwamba infliximab, dawa ya baridi yabisi inayozuia kemikali ya kinga iitwayo TNF, iliamsha TB iliyokuwa imelala mwilini. Kemikali ileile inayochangia kuumiza pafu ndiyo inayomfungia bakteria. Kwa hiyo tunatafuta cha kupunguza bila kumfungulia adui. Mwaka 2021, watafiti wa Singapore walichapisha jaribio dogo la wagonjwa 30: doksisaiklini, dawa ya zamani na ya bei nafuu, ilipunguza vimeng’enya hivyo. Bado hatujathibitisha kwamba inaokoa pumzi. Linahitajika jaribio kubwa, na mahali pake ni miji kama Nairobi.

Nasema hivyo kwa sababu jiji hili limeshautumikia ulimwengu. Miaka ya 1970, wagonjwa wa Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo, walishiriki majaribio yaliyoonyesha kwamba TB inaweza kutibiwa kwa miezi sita badala ya kumi na minane. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2016 ulikadiria wagonjwa 558 wa TB kwa kila watu wazima 100,000. Wengi wakipona hurudi kwenye chumba kimoja chenye jiko la makaa, na kazini hupokelewa na moshi wa magari ya barabara ya Waiyaki Way. Moshi huo huchochea inflamesheni katika pafu lenye kovu.

Makohozi safi ni habari njema, lakini hayapimi pumzi. Ukimaliza dawa na bado unahema, rudi kliniki ya kifua, uombe eksirei na kipimo cha kupuliza. Nasi tunaopanga huduma tukifanye kipimo hicho sehemu ya kumaliza matibabu, katika kila kituo kinachotoa dawa za TB.