Balbu imeungua ndani ya wiki, mteja anasema feki? Muulize haya

Wauzaji wenzangu wa spea, meseji hii mnaijua: "Boss, balbu yako feki, nirudishie hela." Ukirudisha kila mara, mtaji unakatika. Ukigoma, anakuchafua kwenye komenti. Mimi nauza balbu za H4, na kabla ya kubishana nauliza maswali manne:

1. Aliyefunga alishika kioo kwa vidole? Mafuta ya mkono yanafanya sehemu hiyo ya kioo ipate moto zaidi, na balbu inakufa mapema. Ashike kitako tu. Kama kioo kimeguswa, akifute kwa spiriti kabla ya kuwasha.

2. Chaji ikoje? Injini ikiwaka, fundi umeme apime betri kwa mita. Volti 13.5 mpaka 14.5 ni kawaida. Umeme ukizidi kwa asilimia 5 tu, maisha ya balbu yanapungua karibu nusu.

3. Imekaa imara? Balbu ikicheza kwenye barabara mbovu, waya wa ndani unakatika.

4. Inaungua upande uleule kila mara? Hapo aangalie soketi na waya wa upande huo, au kama taa inaingiza maji.

Majibu yote yakiwa safi, mbadilishie bila maneno mengi. Ila usisubiri ugomvi: andika namba 1 na 2 kwenye karatasi, weka ndani ya kila mzigo unaotuma.