Hali ya Vitabu na Masimulizi katika Nchi ya Buha

Mara nyingi twasikia watu wakisema ya kuwa Waha hawana vitabu vya lugha yao, na kwa hiyo hawana ufasaha unaostahili kuchunguzwa. Neno la kwanza lina ukweli mwingi ndani yake. La pili ni kosa. Katika makala hii twataka kueleza jinsi ilivyo hali ya maandishi na masimulizi ya Buha, sababu zilizoifikisha hapo, na kazi iliyobaki kwa wenye kuipenda lugha hiyo.

Buha ni nchi ya milima iliyo mashariki ya mpaka wa Burundi, katika mkoa wa Kigoma. Ndani yake zimo Kasulu, Buhigwe, Kibondo, na Kakonko, wilaya iliyokatwa kutoka Kibondo mwaka 2012, ambamo imo kata ya Gwarama. Zamani ilikuwa na milki kadha wa kadha, na kila mtawala akiitwa mwami. Majina ya milki mbili za kaskazini, Buyungu na Muhambwe, yangali yakitajwa leo, kwa kuwa yamepata kutumika kama majina ya majimbo ya Bunge.

Wenyeji huiita lugha yao Igiha. Msomaji wa pwani atauliza, Kwa nini si Kiha? Sababu ni kanuni ya sauti: kiambishi ki- hugeuka kuwa gi- kikitangulia sauti zisizo na mvumo, kama h, t, k na s, lakini mbele ya r hukaa kama kilivyo, ndiyo maana jirani husema Ikirundi. Kanuni hiyo imo katika Kirundi na Kinyarwanda pia, wala si ajabu, maana lugha hizo tatu ni ndugu wa karibu mno, hata Mha na Mrundi husemezana bila mkalimani.

Basi, ikiwa ni ndugu, mbona fungu lao katika vitabu si sawa? Katika Rwanda, Padre Alexis Kagame (1912–1981) alikusanya mashairi ya ikulu kutoka vinywani mwa walioyahifadhi, akatoa Inganji Karinga mwaka 1943, na mwaka 1951 kitabu kizima juu ya mashairi ya wafalme. Katika Burundi, Padre F. M. Rodegem alichapisha methali za Kirundi mwaka 1961, kamusi kubwa mwaka 1970, na mkusanyo wa masimulizi na mashairi mwaka 1973. Kwa upande wa Buha hatuoni kazi ya kulinganishwa na hizo.

Sababu yake haimo katika lugha, bali katika mpaka. Wajerumani walizitawala nchi hizo zote pamoja. Baada ya vita, tarehe 30 Mei 1919, Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji walipatana kuzigawa: Rwanda na Burundi zikawa chini ya Ubelgiji, Buha ikabaki Tanganyika chini ya Uingereza. Upande mmoja shule za misheni zilifundisha watoto kusoma kwa lugha ya nyumbani. Upande wa pili kitabu cha shule kilikuwa cha Kiswahili, na tangu 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali. Tofauti hiyo ilionekana dhahiri tangu 2015, wakimbizi wa Burundi walipofika Nduta, karibu na Kibondo: mtoto wa kambini alisoma Kirundi, na mtoto wa Kiha, aliyeweza kukifahamu kitabu hicho akisomewa, hakuwa na kitabu cha namna hiyo shuleni kwake.

Hatukusudii kukilaumu Kiswahili. Kwa Kiswahili Mha asoma Shaaban Robert na asemezana na taifa zima. Hilo ni jambo kubwa. Lakini faida hiyo haiondoi hasara ya pili.

Tena yafaa tutazame ni nani walioandika. Askofu Jan van Sambeek aliandika huko Kabanga, wilayani Kasulu, karibu na 1950, juu ya itikadi na desturi za Waha, kwa Kifaransa. J. H. Scherer alitoa maelezo marefu katika jarida la Anthropos mwaka 1959. Hiroshi Nakagawa alitoa orodha ya maneno mwaka 1992. Lotta Harjula alitoa sarufi pamoja na masimulizi na msamiati mwaka 2004. Hao watatu kwa Kiingereza. Ni kazi za kushukuriwa. Lakini bibi wa Gwarama aliyezaliwa na lugha hiyo hawezi kuzisoma, wala mjukuu wake wa darasa la tano. Ni vitabu juu ya Waha zaidi ya kuwa vitabu vya Waha.

Wakati huo huo yaliyomo vinywani yapungua. Serikali ya Tanganyika ilikomesha utawala wa jadi mwaka 1963, na pamoja nao baraza ambamo habari za nasaba na sifa za wami zilikuwa na msikilizaji. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka ule sasa amepita 80. Akifa bila kuandikwa, hatuna wa kumwuliza.

Wengine husema, Si kitu, ngano zitasimuliwa kwa Kiswahili. Kiini cha ngano kitavuka, ni kweli. Mchezo wa sauti hauvuki. Katika Kinyarwanda, kwa mfano, inda ni tumbo, na inda ni chawa. Herufi ni zile zile, sauti ndiyo itenganishayo. Kitendawili kilichojengwa juu ya maneno ya namna hiyo kikifasiriwa hakisaliwi na kitu.

Kazi, basi, ni hii. Kwanza, masimulizi yaandikwe neno kwa neno, pamoja na jina la milki ya zamani yalikotoka, kwa kuwa usemi wa kaskazini haufanani katika yote na ule wa Kasulu. Pili, urefu wa irabu na kupanda kwa sauti vitiwe alama. Tatu, Kiswahili kiwekwe katika ukurasa wa pili, ili kila Mtanzania apate kusoma. Nne, kitabu kirudishwe kijijini kwa msimulizi. Sera ya Utamaduni ya 1997 yahimiza kukusanya na kuhifadhi lugha za asili na kuziandikia kamusi na sarufi. Kwa hiyo hakuna wa kuogopa kuwa avunja umoja. Walimu wa Kasulu, Kibondo na Kakonko wanayo kalamu, na wazee wangaliko karibu nao. Waanze na mzee wa jirani.