Swali la mwananchi katika Mkutano Mkuu wa Kijiji: Utaratibu, adabu na haki ya kupata jibu

Na Mwandishi Wetu

Katika mfumo wa Serikali za Mitaa nchini, hakuna kikao kilicho karibu zaidi na mwananchi wa kijijini kuliko Mkutano Mkuu wa Kijiji. Ni hapo ambapo mkulima, mfugaji, mama lishe na kijana aliyemaliza shule hukaa pamoja na viongozi waliowachagua, wakasikiliza taarifa ya mapato na matumizi, wakauliza na kujibiwa. Hata hivyo, maswali mengi yanayoulizwa katika mikutano hiyo hupotea bila jibu, na si mara zote kwa sababu viongozi hawataki kujibu. Mengine hupotea kwa kuwa yameulizwa pasipo utaratibu, mengine kwa kuwa hayakuandikwa, na mengine kwa kuwa yameelekezwa kwa mtu asiyehusika.

Makala haya yanaeleza namna mwananchi anavyoweza kuuliza swali likaeleweka, likaandikwa na kufuatiliwa hadi lipate jibu, pamoja na wajibu wa wale wanaopaswa kulijibu.

Msingi wa kisheria

Ibara ya 8 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania ya mwaka 1977 inatamka kuwa wananchi ndio msingi wa mamlaka yote, na kwamba Serikali itawajibika kwa wananchi. Ibara ya 18 inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi, na Ibara ya 21 inampa raia haki ya kushiriki kwa ukamilifu katika kufikia uamuzi wa mambo yanayomhusu yeye, maisha yake au Taifa. Kwa hiyo, anayenyoosha mkono mkutanoni haombi hisani. Anatumia haki yake.

Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Na. 7 ya mwaka 1982, Sura ya 287, ndiyo inayoweka Mkutano Mkuu wa Kijiji. Wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji waliotimiza umri wa miaka 18. Hakuna kadi ya chama, kiwango cha elimu wala ukubwa wa shamba unaohitajika ili mtu awe mjumbe. Mkutano huitishwa angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu, huongozwa na Mwenyekiti wa Kijiji, na Afisa Mtendaji wa Kijiji huwa katibu wake. Mkutano huu ndio chombo cha juu kabisa katika kutunga sera za jumla za kijiji, na Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, hutekeleza yale yaliyoamuliwa.

Kwa nini swali lina uzito

Mfano ulio wazi zaidi ni ardhi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaikabidhi Halmashauri ya Kijiji usimamizi wa ardhi kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini anayesimamia mali ya wengine. Sheria hiyo hiyo inaizuia halmashauri kugawa ardhi au kutoa haki miliki ya kimila bila kupata kwanza idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Inaitaka pia kutoa taarifa ya usimamizi wa ardhi katika kila mkutano wa kawaida na kuzingatia maoni ya wananchi. Pale inapokusudiwa kuhamisha ardhi ya kijiji kwenda katika kundi la ardhi ya jumla, na eneo husika ni chini ya hekta 250, mkutano mkuu ndio wenye kauli ya kukubali au kukataa.

Maana yake ni kwamba swali lisiloulizwa siku ya mkutano linaweza kugeuka kuwa uamuzi ambao watoto wa kijiji wataurithi. Wananchi wakinyamaza wakati hoja inajadiliwa, muhtasari utaandikwa kwamba mkutano umeridhia. Malalamiko yatakayotolewa baadaye njiani au kilabuni hayataufuta muhtasari huo.

Kabla ya mkutano: jibu linaweza kuwa lipo tayari

Hatua ya kwanza ya muulizaji makini ni kuhakikisha kwamba swali lake halijajibiwa. Mihutasari ya mikutano iliyopita huhifadhiwa katika ofisi ya Afisa Mtendaji, na taarifa za mapato na matumizi hubandikwa katika mbao za matangazo. Mwananchi anayepita ofisini siku chache kabla ya mkutano na kusoma taarifa hizo hupata moja ya mambo mawili: ama hupata jibu na hivyo kuokoa muda wa mkutano, ama hugundua kasoro mahususi inayolifanya swali lake kuwa na nguvu zaidi.

Ni vyema pia kumwarifu Mwenyekiti wa Kitongoji au Afisa Mtendaji mapema kwamba kuna jambo linalohitaji kujadiliwa, ili liingizwe katika ajenda. Jambo zito linaloachwa hadi kwenye "mengineyo" hufikiwa jua likiwa limezama, wengi wameshaondoka na waliobaki wamechoka.

Swali lililoundwa vizuri

Tuchukue mfano wa kijiji kinachojenga chumba cha darasa kwa michango ya wananchi. Mtu mmoja anasimama na kusema, "Fedha zetu zinaliwa, tunataka kujua!" Kauli hiyo hupigiwa makofi, lakini haina jibu. Kiongozi anaweza kuikanusha kwa sentensi moja, na kikao kikageuka mabishano.

Mwingine anasimama na kusema, "Ndugu Mwenyekiti, katika mkutano uliopita tulisomewa kwamba michango imekusanywa na mabati yatanunuliwa kabla ya masika. Mabati hayajafika. Naomba Mtendaji atueleze fedha zilizokusanywa ni kiasi gani, zimetumika kiasi gani, na mabati yatafika lini." Swali hili halimtuhumu mtu, ila halimwachi mtu atoke bila kujibu. Lina mambo manne yanayolifanya liwe bora.

Kwanza, linahusu jambo moja. Mwananchi anayeunganisha darasa, kisima, barabara na mgogoro wa mpaka katika maelezo ya dakika kumi humpa mjibuji nafasi ya kuchagua lililo rahisi na kuyaacha mengine. Mwenye maswali matatu aulize la kwanza, akae, kisha aombe nafasi tena baada ya wengine.

Pili, linataja uthibitisho: mkutano uliopita, ahadi iliyotolewa, na hali iliyopo sasa.

Tatu, limeelekezwa kwa mhusika. Mwenyekiti huongoza kikao. Afisa Mtendaji ndiye mtunza kumbukumbu na mtendaji wa maamuzi. Masuala yaliyo juu ya uwezo wa kijiji, kama vile ikama ya walimu au barabara inayopita vijiji kadhaa, huhitaji kupelekwa kwa Diwani na Kamati ya Maendeleo ya Kata, na kutoka hapo kwenda Halmashauri ya Wilaya. Kumlaumu Mwenyekiti wa Kijiji kwa jambo lisilo mikononi mwake hakumsaidii yeyote. Lililo sahihi ni kumuuliza amelifikisha wapi na lini.

Nne, linaomba kitu kinachopimika: kiasi na tarehe.

Adabu ya kikao

Kuzungumza kwa kupitia kiti ni desturi yenye faida zaidi ya heshima. Mzungumzaji anapomwelekea Mwenyekiti badala ya kumwelekea mtu anayetofautiana naye, maneno makali hupungua na hoja hubaki kuwa ya mkutano, isiwe ya watu wawili. Kwa sababu hiyo hiyo, muulizaji hunyoosha mkono, husubiri kuitwa, hujitambulisha kwa jina na kitongoji, kisha huuliza. Kujitambulisha humwezesha katibu kuandika nani aliuliza nini, na kumrahisishia muulizaji kufuatilia.

Kuna mambo ambayo hayafai kuletwa mkutanoni ingawa yana ukweli. Ugonjwa wa mtu, ugomvi wa ndoa au deni la mtu binafsi si mali ya hadhara. Mgogoro wa mpaka kati ya majirani wawili una mahali pake, yaani Baraza la Ardhi la Kijiji, chombo cha usuluhishi chenye wajumbe saba ambao angalau watatu kati yao ni wanawake. Na anayeshuku kuwa kuna kosa la jinai, kama vile wizi au rushwa, anafaa kutoa taarifa kwa vyombo vinavyohusika, kwa kuwa kumtangaza mtu kuwa mwizi mbele ya hadhara kunaweza kumwonea asiye na hatia na kuharibu uchunguzi.

Kusikiliza ni sehemu ya adabu pia. Mara nyingi swali moja huulizwa na watu watano kwa maneno tofauti kwa kuwa kila mmoja alikuwa akipanga lake badala ya kulisikia la mwenzake. Aliyekuta swali lake limeulizwa anaweza kusema kwa ufupi kwamba analiunga mkono, kisha akatoa nafasi kwa mwingine.

Wajibu wa anayejibu na anayeongoza

Swali zuri linastahili jibu linalolingana nalo. Kiongozi aliyeulizwa kiasi cha fedha ajibu kwa tarakimu, si kwa historia ya mradi. Asipokuwa na takwimu kwa wakati huo, jibu sahihi ni kukiri kwamba hana, kutaja siku atakayozileta, na kuhakikisha ahadi hiyo inaandikwa. Jibu la "tutalifanyia kazi" lisilo na tarehe wala jina la mtekelezaji haliwezi kupimwa na mtu yeyote. Kumjibu muulizaji kwa kumhoji anatoka chama gani, au kwa kumkumbusha kwamba naye hajalipa mchango, ni kukwepa swali.

Mwenyekiti ana jukumu la kugawa nafasi kwa haki. Katika mikutano mingi wanaoketi mbele na wenye sauti kubwa ndio husikika, ilhali wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu huondoka na maswali yao. Kuwaita kwa zamu, kupokea maswali kadhaa ya mada moja kwa pamoja kisha kuyajibu moja baada ya jingine, na kumzuia kwa upole anayerudia yaliyokwishasemwa, ni mambo madogo yanayobadilisha sura ya mkutano. Aidha, maswali yanayohusu ajenda fulani yajibiwe ndani ya ajenda hiyo, kabla ya uamuzi kupitishwa.

Muhtasari ndio kumbukumbu

Swali lisiloandikwa katika muhtasari ni sawa na lisiloulizwa. Kabla ya mkutano kufungwa, muulizaji ana haki ya kuomba, kwa kupitia kiti, kwamba swali lake na jibu lililotolewa viwekwe katika kumbukumbu. Mkutano unaofuata hufunguliwa kwa kusomwa muhtasari na kujadili "yatokanayo". Hapo ndipo pa kuuliza utekelezaji. Mwananchi anayehudhuria mkutano mmoja na kukosa mitatu inayofuata hulipoteza swali lake mwenyewe.

Jibu lisipopatikana

Mwananchi ambaye hakujibiwa mkutanoni, au aliyehitaji nyaraka zaidi ya maelezo ya mdomo, anaweza kutumia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa Na. 6 ya mwaka 2016. Sheria hii inampa raia haki ya kuomba taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma. Ombi huwasilishwa kwa maandishi, likitaja jina na anwani ya mwombaji na kueleza taarifa inayotakiwa kwa kiwango cha kuiwezesha ofisi kuitambua. Asiyeweza kuandika kwa sababu ya kutojua kusoma na kuandika au ulemavu anaweza kueleza ombi lake kwa mdomo, likaandikwa na ofisa anayelipokea.

Ofisi husika inapaswa kujibu mapema iwezekanavyo, na si zaidi ya siku 30 tangu ipokee ombi. Ikikataa, inapaswa kueleza sababu. Zipo taarifa ambazo sheria inazizuia kutolewa, zikiwamo zinazohatarisha usalama wa Taifa, zinazoathiri uchunguzi unaoendelea, au zinazoingilia faragha ya mtu bila sababu. Mwombaji asiyeridhika anaweza kuomba uamuzi huo upitiwe upya na mkuu wa taasisi. Ni busara kubaki na nakala ya barua yenye muhuri na tarehe ya kupokelewa, kwa kuwa siku 30 huhesabiwa kuanzia hapo.

Hitimisho

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Katika uendeshaji wa kijiji, kuuliza kwa utaratibu ni njia ya kulinda ardhi, fedha na huduma ambazo ni mali ya wote, na pia humlinda kiongozi mwadilifu, kwa kuwa jibu lililoandikwa humwondolea uvumi. Wananchi wanahimizwa kufuatilia matangazo ya mikutano katika vijiji vyao, kusoma taarifa zilizobandikwa ofisini, kuandaa maswali yao mapema na kuhudhuria. Viongozi nao wanakumbushwa kuitisha mikutano kwa wakati, kusoma taarifa za mapato na matumizi kwa lugha inayoeleweka, na kuhakikisha kila swali lililoulizwa linaonekana katika muhtasari likiwa na jibu lake, au likiwa na tarehe ambayo jibu hilo litatolewa.