Fezi Tatu na Lugha ya Karakana

Si ajabu kumkuta fundi wa jua kali aliyenunua mashine ya kukerezea chuma kutoka kiwanda kilichofungwa, akaifikisha katika karakana iliyo nyuma ya nyumba yake, kisha ikakataa kuzunguka. Mashine ni nzima. Mota yake yadai umeme wa fezi tatu, ilhali nyumbani imefika fezi moja tu, ya volti 240.

Kazi yangu ni isimu, si uhandisi. Hata hivyo, sehemu ya tatizo hili imo katika neno lenyewe. Fundi akitaja ‘fezi’, aghalabu humaanisha waya wenye moto. Basi ‘fezi tatu’ humjia akilini kama nyaya tatu badala ya moja, yaani umeme mwingi zaidi. Sivyo. Kiswahili kina neno ‘awamu’, lenye maana ya zamu, nalo laeleza jambo lenyewe barabara. Mikondo mitatu hupanda na kushuka kwa kupokezana, kila mmoja ukiwa nyuma ya mwenziwe kwa theluthi ya mzunguko, mithili ya wanawake watatu wanaotwanga katika kinu kimoja: michi haishuki pamoja. Kwa kuwa kupishana huko ni kwa theluthi, wala si kwa nusu, kipimo baina ya nyaya mbili za moto ni volti 415, si 480.

Kupokezana huko ndiko kunakozalisha nguvu ya sumaku inayozunguka na kuivuta mota. Mota hiyo ikiungwa na fezi moja pekee, huvuma pasipo kuanza kuzunguka, hupata joto, na ikiachwa huungua.

Dawa zipo. Kampuni ya umeme yaweza kuombwa ivute fezi tatu, ingawa gharama yaweza kumshinda fundi mdogo. Kipo kigeuzi cha kielektroniki kinachopokea fezi moja na kutoa tatu. Mota iliyoandikwa 240/415 huungwa nacho kwa mtindo wa pembetatu. Ipo pia njia rahisi ya kapasita, ila hiyo huipunguzia mota nguvu. Kigeuzi na kapasita huweza kuhifadhi umeme hata baada ya swichi kuzimwa, na mkono wenye haraka huweza kuangamia.

Maonyo kama haya mwanafunzi wa ufundi huyasoma kwa Kiingereza, akayakariri kwa ajili ya mtihani, kisha akaenda kufanya kazi kwa Kiswahili. Katiba ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha rasmi. Hadhi hiyo haijafika karakanani.

Sipendekezi kwamba ‘fezi’ litupwe, kwani limekwisha kukubalika. Napendekeza libaki kuwa jina la waya, na ‘awamu’ liwe jina la zamu. Walimu wa fizikia na wa Kiswahili waketi meza moja, waifundishe tofauti hiyo kabla mwanafunzi hajashika bisibisi.