Talanta haikuwa sauti nzuri



Majuzi kanisani kwetu ilikuwa Jumapili ya talanta. Vijana waliimba, mmoja akapiga kinanda, mwingine akaghani shairi. Baada ya ibada nilimkuta mama mmoja wa makamo amekaa benchi la nyuma kabisa. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Mchungaji, mimi Mungu alinipita. Sina talanta yoyote."

Maneno hayo yalinisumbua wiki nzima. Mwishowe nikaona kosa si lake. Ni la neno lenyewe, ambalo limesafiri mbali na kubadilika njiani.

Kwa Kigiriki neno hili lilikuwa mizani, kisha likawa uzito unaopimwa. Ndiyo maana Kutoka 25 inasema kinara cha hema kilitengenezwa kwa talanta moja ya dhahabu safi, na Ufunuo 16 inataja mvua ya mawe yenye uzito wa talanta. Kipimo kilitofautiana nchi kwa nchi, lakini chukulia kilo 30 hivi, zaidi ya nusu ya mfuko wa saruji. Baadaye uzito wa fedha ukawa jina la pesa. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja, tunavyosoma katika Mathayo 20, ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku. Piga hesabu: kwa siku 300 za kazi kila mwaka, hiyo ni miaka 20.

Waingereza walilipata neno hili kupitia Kilatini na Kifaransa. Katika Enzi za Kati, "talent" kwao ilimaanisha pia nia au tamaa ya moyo. Ni kuanzia karne ya 15 hivi, kutokana na mfano ulio katika Mathayo 25, ndipo ilipokuja kumaanisha kipawa cha kuzaliwa. Leo Mwingereza asiyewahi kufungua Biblia humsifu mchezaji mpira kwa neno hilo, asijue kwamba anataja mfano wa Yesu. Nasi, tuliokuwa na talanta ya fedha katika Biblia yetu, tukaivika maana hiyo ya Kiingereza: mashindano ya talanta, kukuza talanta. Si dhambi, lugha ndivyo zinavyoishi. Shida huanza tunaporudi nayo kwenye Mathayo 25.

Hebu fungua mstari wa 15. Bwana aliwagawia watumwa wake talanta tano, mbili na moja, kila mmoja kwa kadiri ya uwezo wake. Unaona? Uwezo ulikuwapo kabla ya talanta. Kama talanta ni kipawa, basi waligawiwa vipawa kulingana na vipawa vyao, na mstari haueleweki tena. Uwezo ni wa mtumwa. Talanta ni mali ya bwana, naye ameikabidhi tu.

Na yule wa tatu, ambaye tumezoea kumwona mnyonge aliyepewa kidogo, alikabidhiwa mshahara wa miaka 20! Kuzika fedha hakukuwa kioja siku zile. Hata Mathayo 13 ina hazina iliyofichwa shambani. Kilichomshika ni hofu, anasema mwenyewe. Alimhesabu bwana wake kuwa mtu mgumu, akachimba shimo. Wala bwana hakumdai talanta tano. Alimwambia kwamba hata kuiweka fedha kwa watoa riba kungefaa.

Sikumjibu vema yule mama. Nilimpa maneno ya kawaida, kwamba kila mtu ana kipawa chake, naye akatabasamu kwa adabu tu. Leo nitamsomea mstari wa 15. Nitamkuta mapema, kwa kuwa funguo za kanisa hukaa kwake, na miaka yote hii hatujawahi kufika ibada ya alfajiri tukakuta mlango umefungwa.