Mlezi wa Kazi na Mwanagenzi Wake

Wako watu wasemao, "Nimeandikwa kufagia, basi nafagia, lisilo langu silijui." Neno hili si la uvivu sikuzote. Mara nyingi hutoka kinywani mwa mtu ambaye mkubwa wake hakumfundisha lo lote zaidi. Sikilizeni habari ya watu wawili wa Marekani.

Mwaka 1930 kijana mweusi, Vivien Thomas, fundi seremala mwenye umri wa miaka 19, aliandikwa kazi katika chumba cha majaribio cha Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville. Mkuu wake, Dakta Alfred Blalock, hakumwachia kuosha vyombo tu. Alimfundisha kupasua, kupima na kuandika aliyoyaona. Na alipokwisha kuweza, akamkabidhi majaribio mazima. Thomas naye akajifunza mengi ambayo hakuna aliyemlazimisha.

Mwaka 1941 wakahamia pamoja Johns Hopkins, mjini Baltimore. Huko Dakta Helen Taussig aliwaeleza taabu ya watoto wazaliwao na moyo wenye kasoro, ambao damu yao haifiki mapafuni ya kutosha, hata miili yao ikawa rangi ya buluu. Thomas akajaribu kwa mbwa, tena na tena, namna ya kuunganisha mishipa, mpaka mkono wake ukaizoea kazi ile kuliko mkono wa mkuu wake. Tarehe 29 Novemba 1944, Blalock alipompasua mtoto wa kwanza, alimtaka Thomas asimame nyuma ya bega lake na kumshauri. Ndivyo mlezi alivyokubali kufundishwa na mwanagenzi wake.

Lakini habari hii ina upande wa pili. Kwa miaka mingi Thomas alihesabiwa na kulipwa kama mfagiaji, na habari za upasuaji ule zilipochapwa mwaka 1945, jina lake halikutajwa. Shahada ya heshima alipewa mwaka 1976, naye Blalock alikuwa amekwisha kufa mwaka 1964.

Basi, ninyi mlio wasimamizi na mafundi, fundisheni, aminini, sikilizeni. Na mtu azidishaye kazi, mzidishieni na ujira, tena mtajeni mbele ya watu. Wazee walisema, chanda chema huvikwa pete. Hawakusema kivikwe kikiisha kuzeeka.