Ukungu wa huinantian: angalia na dawa unayoutolea

Kama huu ni mwaka wako wa kwanza Guangzhou, utashangaa. Kati ya Februari na Aprili hewa ya joto yenye unyevu huvuma kutoka bahari ya kusini na kukuta kuta na sakafu bado zina baridi. Maji hujitokeza juu yake kama kwenye chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji. Sakafu inateleza, nguo hazikauki. Wenyeji huziita siku hizi huinantian. Baada yake, nyuma ya kabati na kwenye kona za dari, unaota ukungu mweusi.

Sisi tulioishi chini ya turubai kambini hatuogopi ukungu. Tunafuta, maisha yanaendelea. Lakini chumba cha ghorofani hakipitishi upepo kama turubai. Vumbi la ukungu humfanya mtoto akohoe, na mwenye pumu linaweza kumbana kifua usiku kucha.

Hata hivyo, kinachonitia hofu zaidi ni dawa. Dukani utaona chupa yenye namba 84. Hiyo ni kama Jik ya nyumbani, au javeli kwa waliotoka Kongo. Jirani yake kwenye rafu kuna dawa ya choo, 洁厕灵, yenye asidi. Usizichanganye kamwe, wala usimwage moja juu ya nyingine. Zikikutana hutoa gesi ya klorini, inayochoma macho na mapafu. Ndani ya bafu dogo lisilo na dirisha inaweza kuua. Siki pia ni asidi, usiitie. Ukisikia harufu kali inayokukaba koo, acha kila kitu, toka nje na watoto. Pumzi ikiwa ngumu, piga 120.

Sasa, kazi ya 84 inahitaji madirisha wazi, na siku za huinantian madirisha wazi ndiyo yanayoingiza unyevu. Kwa hiyo siku hizo yafunge, washa kiyoyozi kwenye alama ya tone la maji, na futa kwa maji ya sabuni tu. Dawa isubiri upepo mkavu wa kaskazini urudi. Siku hiyo fungua kila dirisha, peleka watoto kwa jirani, vaa glavu, barakoa ya KN95 na miwani. Changanya dawa na maji ya baridi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa. Piga picha maandishi uyatafsiri kwa simu. Usikwangue ukungu mkavu. Ulowanishe kwanza, vumbi lisiruke. Godoro lililoota ukungu hadi ndani litupe tu, najua linauma.

Ukungu ukirudi mahali pale pale hata huinantian ikiwa imekwisha, huenda bomba linavuja ndani ya ukuta. Hapo kusugua ni kazi bure. Piga picha, mtumie mwenye nyumba kwa WeChat siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki. Kisheria matengenezo ni juu yake, isipokuwa mkataba wenu unasema vingine. Kama huna hakika unasemaje, uje nao ofisini tuusome pamoja.